Kuigeuza Ruta ya Zamani Kuwa Aksesi Pointi ya Mtandao wa Ndani: Mwongozo kwa Shule na Ofisi za Nyanda za Juu Kusini

Katika shule nyingi za sekondari na ofisi za kata, kuanzia Mafinga hadi Tukuyu, ruta inayoleta mtandao huwekwa ofisini kwa mkuu, ambako kuna kufuli imara, na mawimbi yake ya Wi-Fi huishia ukuta wa pili. Majengo yetu ni ya matofali ya kuchoma au ya bloku na yameezekwa kwa bati. Bati huyarudisha mawimbi yalikotoka, na kila ukuta unaopitiwa hupunguza nguvu yake. Wakati huohuo, ndani ya kabati la stoo ya shule hiyohiyo, hukutwa ruta ya zamani iliyoachwa baada ya kuhamia kampuni nyingine ya mtandao. Ruta hiyo, ikiwa bado inawaka, inaweza kupelekwa chumba cha kompyuta au ofisi ya walimu ikawa aksesi pointi, yaani kituo kinachopokea mtandao kwa waya na kuutoa kwa Wi-Fi, bila shule kununua kifaa kipya.

Maelezo haya yanaifaa pia shule isiyo na intaneti kabisa. Mtandao wa ndani hauhitaji intaneti ili ufanye kazi: kompyuta moja yenye vitabu na masomo inaweza kuwahudumia wanafunzi wote waliomo chumbani bila mtu yeyote kununua bando. Kwa shule zilizo mbali na mji, kama zile za Makete na pembezoni mwa Mufindi, naamini hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, na nitaieleza baada ya hatua za msingi.

Jambo la kuelewa kabla ya kushika waya

Ruta ya nyumbani ni vitu vinne ndani ya boksi moja. Kuna ruta yenyewe, ambayo hupitisha mawasiliano kati ya mtandao wa nje na wa ndani. Kuna swichi, ambayo ni yale matundu ya waya yaliyopangwa nyuma. Kuna redio ya Wi-Fi. Na kuna huduma ya kugawa anwani, ijulikanayo kama DHCP. Tunapoifanya aksesi pointi tunabakiza swichi na redio tu, na kazi mbili zilizobaki tunaiachia ruta kuu peke yake.

Huduma ya kugawa anwani ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo tuitazame kwa makini. Kila simu na kila kompyuta inayojiunga na mtandao hupewa anwani ya IP, kwa mfano 192.168.1.105, na pamoja nayo huelekezwa lango la kutokea kwenda nje, ambalo ni anwani ya ruta kuu. Sasa ukichomeka ruta ya pili ambayo nayo inagawa anwani, mtandao mmoja unakuwa na wagawaji wawili wasiojuana, na matokeo ni yaleyale ya kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili: vifaa viwili vinashika anwani moja, na hakuna kinachofanya kazi sawasawa. Hata pale anwani zisipogongana, simu zilizohudumiwa na ruta ya pili huelekezwa kwenye lango lisilo na njia ya kutoka, kwa hiyo zitaonyesha kwamba zimeunganishwa ilhali hazifungui ukurasa wowote. Ubaya wa hitilafu hii ni kwamba haiwapati watu wote kwa wakati mmoja. Mwalimu mmoja anapata mtandao na mwenzake aliyekaa meza ya pili hapati, kesho yake mambo yanageuka, na lawama inapelekwa kwa kampuni ya mtandao isiyohusika. Kanuni, basi, ni kwamba katika mtandao mmoja mgawaji wa anwani awe mmoja tu.

Vifaa vinavyohitajika

Utahitaji ruta ya zamani pamoja na adapta yake, kompyuta yenye tundu la waya wa mtandao, waya mfupi wa kuunganishia kompyuta wakati wa mipangilio, na waya mrefu wa aina ya Cat5e au Cat6 utakaotoka kwenye ruta kuu. Waya mmoja wa shaba usizidi mita 100. Vile vifaa vidogo vya mfukoni vinavyotumia laini ya simu na visivyo na tundu la waya havifai kwa kazi hii. Zile ruta kubwa za laini zenye matundu ya LAN, yaani ya mtandao wa ndani, nyuma zinafaa, hata kama hazina laini ndani.

Adapta iangaliwe kabla ya kuchomekwa, hasa ikiwa imetafutwa upya katika maduka ya vifaa vya umeme, iwe Mwanjelwa au kwingineko. Volti zilizoandikwa kwenye adapta lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya ruta, ambazo mara nyingi ni 9 au 12. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Ruta ya volti 9 iliyochomekewa adapta ya volti 12 inaweza kuungua papo hapo. Shule inayotumia umeme wa jua isiiunganishe ruta ya volti 12 moja kwa moja kwenye betri, kwa sababu betri ya volti 12 inapochajiwa hupanda hadi kupita volti 14. Kati yake kiwekwe kifaa cha kushusha na kudhibiti volti.

Hatua ya kwanza: kuifuta na kuingia ndani yake

Washa ruta ya zamani ikiwa peke yake, bila kuunganishwa na ruta kuu. Nyuma au chini yake kuna kitobo kidogo palipoandikwa Reset. Ingiza ncha ya pini, bonyeza bila kuachia kwa takribani sekunde 10 hadi taa zipepese, kisha isubiri iwake upya. Mipangilio yote ya zamani, pamoja na nywila zilizosahauliwa, imefutika.

Unganisha kompyuta na ruta kwa waya mfupi kupitia mojawapo ya matundu ya LAN, fungua kivinjari, na uandike anwani iliyochapwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta. Ruta nyingi za TP-Link, Tenda na D-Link hutumia 192.168.0.1 au 192.168.1.1, za MikroTik hutumia 192.168.88.1, na nyingi za Huawei zinazotumia laini ya simu hutumia 192.168.8.1. Jina la mtumiaji na nywila ya mwanzo navyo huwa kwenye karatasi hiyohiyo. Ukiisha kuingia, badilisha kwanza nywila ya usimamizi, kwa sababu wanafunzi wadadisi huijua ile ya kiwandani, na hawana kosa kuijua.

Ruta za miaka ya karibuni huwa na sehemu ya kuchagua namna ya kufanya kazi, na mojawapo ya chaguo huwa limeandikwa Access Point au AP. Ukiliona, lichague, hifadhi, kisha nenda moja kwa moja kwenye mipangilio ya Wi-Fi, kwa kuwa ruta itazima yenyewe kazi zisizohitajika. Fahamu tu kwamba baada ya hapo nyingi kati yake hupokea anwani kutoka ruta kuu, kwa hiyo anwani ya kuingilia itabadilika na utaikuta katika orodha ya vifaa ndani ya ruta kuu. Ruta isiyo na chaguo hilo inafanyiwa kazi kwa mkono kama ifuatavyo.

Hatua ya pili: kuipa anwani isiyogongana

Ijue kwanza anwani ya ruta kuu. Kwenye kompyuta ya Windows iliyounganishwa na mtandao wa shule, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig, na usome mstari wa Default Gateway. Tuchukulie kwamba umesoma 192.168.1.1. Ingia katika ruta kuu uone inagawa anwani kuanzia ipi hadi ipi. Tuseme inagawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200.

Ruta ya zamani inapaswa kupewa anwani iliyo katika mtandao huohuo, yaani yenye sehemu tatu za mwanzo zinazofanana na za ruta kuu, lakini iliyo nje ya fungu linalogawiwa. Hapa 192.168.1.2 inafaa. Nenda sehemu ya mipangilio ya LAN ya ruta ya zamani, andika anwani hiyo, acha 255.255.255.0 kama ilivyo, na uhifadhi. Ruta itazima na kuwaka, na ukurasa uliokuwa umeufungua utakufa. Hiyo ni dalili njema. Chomoa waya wa kompyuta na kuuchomeka tena ili ipokee anwani mpya, kisha uingie kupitia 192.168.1.2.

Hatua ya tatu: kuzima ugawaji wa anwani

Tafuta sehemu ya DHCP, uizime, uhifadhi. Mpangilio wa hatua hizi mbili usigeuzwe. Ukiizima DHCP kabla ya kubadilisha anwani, kompyuta yako inaweza kukosa anwani na kushindwa kurudi ndani ya ruta hadi uiandikie anwani kwa mkono. Na hata baada ya kufuata mpangilio sahihi, siku utakapotaka kuingia katika ruta hii ikiwa peke yake utalazimika kuiandikia kompyuta anwani, kwa mfano 192.168.1.50, kwa kuwa hakuna tena wa kuigawia.

Hatua ya nne: Wi-Fi yenyewe

Chagua ulinzi wa WPA2, au WPA3 ikiwa ruta na simu zote zinauweza. Ulinzi wa zamani wa WEP umekuwa ukivunjwa tangu mwaka 2001 na usitumike hata kidogo. Zima pia WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au kwa tarakimu chache. Kuhusu jina la mtandao, ukiweka jina lilelile na nywila ileile ya ruta kuu, simu ya mwalimu anayetembea kutoka ofisi hadi darasa itahama yenyewe kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Hata hivyo, wakati wa majaribio ni vizuri kutumia jina tofauti, ili ujue kwa hakika ni kituo kipi unachokipima.

Katika mawimbi ya GHz 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani. Kama ruta kuu iko kwenye 1, weka hii kwenye 6 au 11. Mawimbi ya GHz 5 yana kasi zaidi lakini huchoka haraka yakikutana na ukuta wa tofali, kwa hiyo yafaa kwa watu waliomo chumba kilekile na kituo. Kiweke kituo juu, karibu na katikati ya chumba, mbali na kabati la chuma na mbali na dirisha linaloingiza mvua. Sehemu za vumbi kama Mbarali wakati wa kiangazi, kiwekwe mahali matundu yake ya hewa yanapoweza kufutwa mara kwa mara, na kisifunikwe kitambaa.

Hatua ya tano: kuunganisha na ruta kuu

Chukua waya mrefu, chomeka ncha moja katika tundu la LAN la ruta kuu, na ncha nyingine katika tundu la LAN la ruta ya zamani. Tundu la WAN, yaani la mtandao wa nje, ambalo mara nyingi lina rangi ya pekee au limetengwa kidogo na mengine, liachwe wazi. Ukichomeka WAN, ruta isiyo na lile chaguo la AP itarudia kazi yake ya zamani ya kutenga mitandao miwili, na printa iliyo ofisini haitaonekana na kompyuta zilizo darasani. Tundu hilo liwekee kipande cha utepe ili mtu anayepita na nia njema ya kusaidia asije akalitumia.

Ikiwa unafunga vichwa vya waya mwenyewe, panga nyuzi kuanzia kushoto, kikonyo cha kichwa kikiwa upande wa chini na ncha za nyuzi zikielekea mbele: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, bluu, nyeupe yenye bluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Mpangilio huo uwe uleule pande zote mbili. Fundi asiyepima hupata shida zaidi kwenye uzi wa tatu na wa sita, wa jozi ya kijani, kwa kuwa katikati yake hukaa jozi ya bluu. Jozi hiyo ikiparaganyika waya huwasha taa lakini hubeba mawasiliano kwa kusuasua. Kipima waya cha bei ndogo hugundua uzi uliokatika au uliobadilishana nafasi, lakini jozi zilizochanganywa kwa namna ileile pande zote mbili hakizioni, kwa hiyo jicho lako litangulie kabla ya kubana kichwa.

Radi: kati ya jengo na jengo

Jambo hili naliandika kwa uzito, kwa sababu ninaliona karibu kila shule ninayoitembelea: waya wa mtandao umening'inizwa hewani kutoka paa la ofisi hadi paa la darasa, umefungwa kwa kamba kwenye mbao za kenchi. Mvua zetu huanza mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na Rungwe huchelewa kukauka zaidi ya hapo. Mvua hizo huja na radi. Radi haihitaji kuupiga waya wenyewe. Ikipiga karibu, hata kwenye mti, msukumo wa umeme huingia kwenye shaba na kusafiri hadi vifaa vya pande zote mbili, na mtu aliyeshika kompyuta iliyounganishwa kwa waya yuko hatarini pia.

Njia salama ya kuvuka kutoka jengo hadi jengo ni waya wa kioo, yaani faiba, ambao hubeba mwanga na haupitishi umeme, ukiwa na kigeuzi kidogo kila upande cha kubadilisha mwanga kuwa waya wa kawaida; uchague faiba isiyo na uzi wa chuma ndani yake. Njia nyingine ni jozi ya antena za nje zinazotazamana, ambazo nazo zinahitaji kinga ya radi na waya wa ardhini. Ikiwa fedha hairuhusu lolote kati ya hayo na ni lazima shaba itumike, ipitishwe ndani ya bomba lililofukiwa, iwekewe kinga ya radi yenye waya wa ardhini pande zote mbili, na ichomolewe pande zote wingu linapoanza kunguruma. Kuzima swichi ya ukutani tu hakutoshi, kwa kuwa msukumo huo unapita kwenye waya wa mtandao, haupiti kwenye soketi peke yake.

Ndani ya jengo moja, waya wa shaba hauna tatizo hilo kwa kiwango hicho.

Shule isiyo na intaneti

Hapa ruta ni moja tu na hakuna ruta kuu, kwa hiyo DHCP iachwe ikiwaka, ikigawa anwani kuanzia 192.168.1.100. Hatua ya tatu na ya tano zirukwe, na lile chaguo la AP lisichaguliwe, kwa kuwa huizima DHCP. Chagua kompyuta moja yenye afya iwe seva, uiunganishe na ruta kwa waya na si kwa Wi-Fi, na uipe anwani ya kudumu, kwa mfano 192.168.1.10, iliyo nje ya fungu linalogawiwa.

Ndani ya kompyuta hiyo weka programu ya Kolibri, iliyotengenezwa na Learning Equality ili kusomesha bila intaneti na ambayo ina kurasa zake kwa Kiswahili, au Kiwix, ambayo hubeba Wikipedia nzima katika faili moja. Zote ni za bure. Masomo hupakuliwa mara moja mahali penye mtandao wa uhakika, Mbeya mjini au Iringa, yakahifadhiwa kwenye diski ya nje na kupandishwa hadi shuleni. Kolibri huyaingiza moja kwa moja kutoka kwenye diski hiyo. Mwanafunzi akishaunganisha simu au kompyuta na Wi-Fi ya shule, anafungua kivinjari na kuandika http://192.168.1.10:8080, ambayo ndiyo anwani ya Kolibri ikiwa hukubadilisha kitu. Aandike pamoja na http:// ya mwanzo.

Mambo matatu hukwamisha kazi hapa. Kwanza, Windows huzuia wageni kuingia katika kompyuta hadi uuweke mtandao huo kuwa wa faragha na kuiruhusu programu. Pili, kompyuta ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida hulala baada ya dakika kadhaa, na darasa zima hukatika. Mpangilio huo uzimwe. Tatu, simu za Android zikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti huuliza kama ziendelee nayo au huhamia data za simu bila kuuliza, hivyo mwanafunzi azime data na akubali kubaki.

Ruta ya nyumbani haikutengenezwa kwa darasa lenye wanafunzi 50 wanaotazama video kwa pamoja. Wagawe kwa makundi, au weka vituo viwili kwa chaneli tofauti, kimoja kila upande wa chumba, cha pili kikipangwa kwa hatua zote tano kana kwamba cha kwanza ndicho ruta kuu.

Kupima na kutafuta hitilafu

Baada ya kuunganisha, simama karibu na kituo kipya, jiunge, na uandike ping 192.168.1.2 kwenye dirisha la amri. Jibu likija, kituo kinafikika. Kisha andika ping 192.168.1.1, jibu lisipokuja ilhali la kwanza limekuja, tatizo liko kwenye waya mrefu au vichwa vyake.

Kompyuta ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, maana yake iliomba anwani na hakuna aliyeijibu: ama ruta kuu imezimika, ama waya umekatika, ama umezima DHCP kwenye ruta isiyostahili. Ikionyesha anwani iliyo sawa lakini mtandao haufunguki, soma mstari wa Default Gateway, ukiona 192.168.1.2 badala ya 192.168.1.1, DHCP ya ruta ya zamani bado inawaka, mara nyingi kwa sababu hukuhifadhi kabla ya kutoka kwenye ukurasa. Tatizo likianza baada ya umeme kukatika na kurudi, angalia kama kuna mtu aliyebonyeza kitobo cha Reset ili kuisaidia iwake, kwa kuwa hapo ruta imerudi kuwa mgawaji wa pili. Ichomoe kwenye mtandao mara moja, kisha irudie hatua zote kuanzia ya kwanza. Ndiyo maana anwani ya kituo, nywila ya usimamizi na tarehe ya kukifunga vinapaswa kuandikwa katika daftari la vifaa linalotunzwa ofisini, na juu ya boksi kubandikwe karatasi yenye anwani peke yake.